Bibi, Nililiona Jicho Lako kwa Ndani

Mpendwa Bibi uliyeko Milepa, shikamoo.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Siku zile ulipolazwa, mimi nilikuwa na furaha. Si kwa sababu ulikuwa unaumwa, hapana. Ngoja nikueleze kwa kalamu, maana nikikuona uso kwa uso nitanyamaza kama kawaida yangu.

Ile asubuhi ya kwanza hukumbuki. Hospitali kubwa walishaona damu imevuja ndani ya kichwa chako, wakakurudisha Sumbawanga ufuatiliwe. Daktari alisema presha ya kichwani ikipanda itabidi urudi kule, na barabara ile tuliogopa hutaimaliza. Basi akaja na mashine ya altrasaundi, ndogo kama redio ya Babu. Nesi akakufumba macho kwa vidole, akakupaka jeli juu ya kope.

Shangazi alikuwa mlangoni. Kuona mama yake anafumbwa macho, hakuuliza. Alitoka mbio analia, "Mama ametuacha." Mwenye duka pale nje alikuwa amenunua simu ya mkononi, anatafuta tu sababu ya kuitumia; akapiga Kasense, mtaani kwetu. Jua halijawa kali, majirani walishashusha kuni za msiba uani kwetu.

Ndani nikabaki mimi. Ulianza kutikisa kichwa, macho yanahangaika chini ya kope. "Atulie, nisije nikamkandamiza jicho," daktari akasema. "Nani anajua lugha yake?" Nesi akanitazama. Bibi, unanijua. Shuleni nikitoa Kifipa wananicheka, nikitoa Kiingereza najicheka mwenyewe. Lakini niliinama sikioni kwako nikasema Kifipa kwa sauti, mbele ya watu wa mjini: Bibi, tulia, wanaangalia tu kama kichwa kimejaa. Ukatulia. Nilisema, na mtu akasikia. Hiyo ndiyo furaha yangu.

Daktari akanigeuzia kioo cha mashine. Jicho lako lilikuwa duara jeusi, na nyuma yake kitu kama shina.

"Huo mshipa umetoka kwenye ubongo," akasema. "Kichwa kikijaa presha, ganda lake linavimba. Tunalipima kila siku."

"Limevimba?"

"Kidogo. Likiongezeka, anasafiri."

Kila asubuhi nilikuambia utulie, kila asubuhi nilitazama lile shina. Halikuongezeka. Baadaye likaanza kupungua, na siku moja ukafungua mdomo ukaniuliza, "Hawa wanatafuta nini humo, wameangusha sindano?" Nilicheka mpaka nesi akanitoa nje.

Ulipofika nyumbani ukaziona kuni. "Za nani hizi?" Shangazi akaanza kufagia mahali palipokuwa safi. Baba mdogo ndiye aliyejibu, "Zako, Mama. Za msiba." Ukazigusa kwa fimbo. "Mbichi. Mlitaka kunisindikiza kwa moshi?" Ugali wa ulezi tuliokula jioni ile uliiva kwa kuni hizo, na Shangazi alikohoa kuliko wote.

Sasa uko huko bondeni kwenye joto, mkono wako uliokuwa umelegea unazidi kupata nguvu, na mimi hapa nimevaa sweta mbili kwa upepo huu. Nimetulia, Bibi. Nimeshajua ninachotaka kusomea: ile mashine. Sijamwambia hata Baba.

Shida ni moja. Barua hii ataileta Shangazi, na atakayekusomea ni yeye yeye. Ataikuta habari yake ya kuni humu, na hiyo furaha yangu, na hiyo mashine. Tangu nianze kuandika, kila anayepita nafunika karatasi kwa kitabu cha jiografia.

Namsikia anakuja, ndala zake zile. Kitabu nimekiacha kule kitandani. Akiingia nitamwambia akusomee yote, polepole, asiruke kitu.

Uendelee kutucheka, Bibi.

Mjukuu wako, yule wa sikioni