Kiwanja Changu cha Kwanza, Michikichi Yako Saba

Mpendwa Shangazi,

Wiki iliyopita viongozi wa kundi letu la simu, lile la wanaojifunza kuwekeza kwenye viwanja na nyumba, waliniomba niwaandikie wanachama wapya nieleze nilivyoanza. Wanataka maneno machache na picha. Picha wanayo: vyumba vitatu vya kupangisha, tofali za kuchoma, bati jekundu, pembezoni mwa Ujiji, na mimi mbele na miwani ya jua kana kwamba nilizaliwa na hati mkononi. Maneno ndiyo yamenishinda. Kila nikianza najikuta nakuita wewe. Basi nakuandikia wewe, na wao wasome.

Vyumba hivyo vimesimama pale ilipokuwa michikichi yako saba. Aliyenunua ardhi ile ni mimi. Hukuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwangu ulipokuwa hai, na sasa nalisema ukiwa kaburini, ambako ni rahisi kuliko kulisema mbele ya macho yako. Naona aibu hata kwa huo urahisi.

Nilikuwa darasa la pili mama alipofariki. Baba, kaka yako, akahamia mwaloni Katonga, kule mitumbwi inakoshushia samaki, kwenye biashara ya dagaa, nawe ukasema mtoto halelewi mwaloni. Ukafunga nguo zangu kwenye khanga moja, tukaenda kwako Ujiji. Siku za kuvuna tulikwenda wote kwenye shamba la marehemu mumeo. Mkwezi akiwa juu, wewe chini unamwelekeza kwa sauti inayofika barabarani: "Hilo shada bado! Unataka nikamue maji?" Mimi niliokota chikichi zilizotawanyika majanini, miiba ikanichoma, nikalia.

"Lia, mwanangu," ukaniambia, "lakini okota."

Jioni tulinuka moshi na mawese, na shuleni wakanipa jina la Mawese. Nilipokuja kukushtakia ulicheka mpaka ukakaa chini. "Waambie ndiyo yaliyonunua hiyo sare." Nilicheka nawe, ila kesho yake nilijisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawaka. Nilikionea haya kile kinuko, na nadhani hata wewe nilikuonea haya kidogo.

Ulinifundisha pia utaratibu wa kwetu, bila kunikalisha darasani. Kwetu ardhi inaweza kuwa na mwenyewe na mchikichi ukawa na mwenyewe mwingine. Shamba lilikuwa la ukoo wa mumeo, na alipofariki likabaki kwa shemeji zako. Miti uliipanda wewe mwaka ulioolewa, na mtaa mzima ulijua ni yako mpaka ife yenyewe. Anayenunua ardhi yenye miti ya mtu humwita mwenye miti, wakaketi na majirani, wakaelewana kama ataendelea kuvuna au atapewa kifuta jasho. Karatasi haikuhitajika kwa sababu majirani walikuwepo.

Mimi nikaenda kujifunza kwa watu wa karatasi. Mwalimu wa kundi letu, mtu wa mbali ambaye sidhani kama amewahi kuuona mchikichi, alitutumia sauti yake kila asubuhi. Anza na kiwanja kimoja. Tafuta muuzaji mwenye haraka. Nyamaza mpaka usaini. Mwekezaji hanunui kwa moyo. Niliisikiliza nikifungua steshenari yangu pale Gungu, katikati ya fotokopi na picha za paspoti. Nilichoka kupanga kwa watu, Shangazi, nikatamani na mimi niitwe mama mwenye nyumba. Hilo si dhambi. Ubaya ulianza siku dalali aliponipakia kwenye bodaboda kunipeleka kuona kiwanja alichosema ni cha bei ya kutupa, nikakuta nakijua mpaka jiwe tulilokuwa tunakalia tukila mihogo.

"Hii miti ni ya mjane mmoja," dalali akasema. "Hana karatasi yoyote. Usijali."

Hapo ndipo ningesema kwamba mjane huyo ndiye aliyenilea. Badala yake nikamuuliza upana wa kiwanja ni hatua ngapi.

Mkataba wa mauziano niliuchapa mwenyewe, kwenye kompyuta yangu, dukani kwangu. Shemeji yako mdogo, ndiye muuzaji, alisita kidogo. "Na miti ya shemeji je?" Dalali akamkatiza: "Andika, pamoja na vyote vilivyomo." Wakanigeukia, maana vidole vilivyokuwa juu ya kibodi vilikuwa vyangu. Nikachapa. Mwenyekiti wa mtaa, kabla ya kugonga muhuri, alinitazama juu ya miwani yake akauliza kama wahusika wote wana habari. Nikamjibu wanayo. Majirani hatukuwaita, tukasema watatuchelewesha.

Niliapa kukwambia baada ya Idi, nitakapokuletea kitenge. Idi ikapita. Nikasema basi, baada ya msingi. Fundi naye akasema miti imekaa palepale msingi unapopita. Nikangoja ulipokwenda Ilagala kumwangalia Ashura, binti yako, alipojifungua, ndipo nikampigia simu fundi akate. Wasidhani nilipitiwa, hawa watakaosoma. Wiki ile niliichagua. Katika yote niliyofanya hili ndilo linalonifanya nifunike uso kwa mikono nikiwa peke yangu jikoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na nguo yenyewe ulininunulia wewe.

Siku chache baada ya kurudi ulikuja dukani. Nilikuona ukishuka kwenye bodaboda umevaa ile khanga yako ya kutokea.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mwakeye," ukaongeza ile salamu ya kwetu. "Nataka uniandikie barua."

"Ya kwenda kwa nani?"

"Kwa huyo aliyenunua shamba la marehemu. Umesikia wameniangushia miti? Wewe andika tu, Kwa Mnunuzi."

Kulikuwa na dada mmoja anasubiri fotokopi, akadakia: "Bibi, mfikishe mahakamani huyo! Utamla mpaka kiatu." Ukamtazama kwa upole. "Mimi sili watu, mwanangu." Kisha ukanigeukia ukaanza kusema polepole, kama ulivyokuwa unanitungia maneno ya imla nilipokuwa naogopa mtihani, na mimi nachapa.

"Sitaki kesi. Mti ukishalala hausimami tena. Ninachotaka uje uniambie kwa mdomo wako kwamba ni wewe. Uje mchana, ugali hautakosekana. Kama unaogopa, usiogope. Nimelea mimi, najua mtu akikosa anavyokuwa."

Nilipofika kwenye "usiogope" nilikosea herufi mara tatu. Ukauliza kama mashine imeharibika. Nikasema ndiyo, ina siku haijatengenezwa. Ukaweka dole gumba chini ya barua, nikakufuta wino kwa kitambaa, ukaniuliza, "Utaifikisha?"

"Nitaifikisha, Shangazi."

"Ego," ukasema, kwa lile "ndiyo" letu la nyumbani. Nikafikiri utaondoka. Hukuondoka. Ulisema miguu imechoka, ukakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, soda mkononi, mpaka adhana ya alasiri. Mimi nikajitafutia kazi. Nikapanga kalamu ambazo zilikuwa zimepangwa. Nikafagia mara mbili. Kila nilipoinua macho ulikuwa unanitazama, na kila uliponitazama nilikuuliza kama soda ina baridi ya kutosha. Barua niliificha chini ya rimu za karatasi.

Baada ya hapo ukawa unanunua mawese sokoni, kwa chupa, kama mtu yeyote. Wewe! Nilikukuta siku moja unaonja kwa ncha ya kidole na kukunja uso. "Haya wamechanganya," ukasema, ukayanunua hivyohivyo. Nilibeba kikapu chako hadi nyumbani na njia nzima nikakusimulia habari za umeme kukatika. Ujenzi aliusimamia dalali. Mimi sikukanyaga pale mpaka ulipokwisha kuzikwa, na ile picha ya miwani ya jua nilipiga wiki ileile. Hata hilo nalisema.

Kifua kilipokuzidia Ashura alinipigia nikafika, tukakuuguza siku sita. Ulikuwa unanishika mkono unaniita "mwanangu," na kila ulipopata nguvu ya kuongea nilikuambia pumzika, usijichoshe. Nilijifanya nakuhurumia. Nilikuwa naogopa utauliza. Na walipotuita wanawake kukuosha nilisema nina homa, nikabaki nje na ndoo tupu. Niliona sistahili kukushika, ila niliyewaambia ni homa.

Siku ya arobaini yako, watu wakiwa wanakula, mwenyekiti wa mtaa alinivuta pembeni. Nilidhani anataka kunipa pole.

"Shangazi yako alikuja ofisini kwangu siku aliyorudi kutoka Ilagala," akasema. "Alitaka kujua aliyenunua. Nikatoa mkataba nikamsomea jina lako."

Akatazama kama kuna anayetusikia, kisha akaendelea.

"Nikamwambia, Bi mkubwa, tumwite. Akakataa. Akasema, 'Mwache. Nimemlea mimi. Atakuja mwenyewe.' Kila tulipokutana nilimuuliza kama umekwenda. Anasema bado, ana kazi nyingi."

Akarudi kula. Nikabaki nimesimama nyuma ya nyumba, karibu na mafiga yako, na sasa nikaielewa ile alasiri nzima. Ulipokuja dukani kwangu ulikuwa unajua. Uliniambia nisiogope, ukakaa mlangoni ukinisubiri, na mimi nikafagia sakafu. Ulinisubiri mwaka mzima na miezi juu, ukanisingizia kazi kwa mwenyekiti ili nisionekane mbaya, na hata kitandani ulikuwa bado unasubiri, nami nakwambia pumzika.

Kwa hiyo wanaoanza, kama mmefika hapa, mimi hivyo ndivyo nilivyoanza. Hati ni yangu na hakuna mahakama itakayoniuliza. Waiteni majirani. Muulizeni mwenye miti. Mkisikia mnaambiwa mnyamaze mpaka msaini, jiulizeni ni nani anayefichwa, na kama ni mtu mnayemwamkia shikamoo, rudini nyumbani.

Jumamosi nakwenda Ilagala kwa Ashura. Miti ile leo ingekuwa yake. Sijui atanipokeaje, na sitamwomba anipokee vizuri. Nitamwambia mchana, kwa mdomo wangu, watoto wake wakiwepo, halafu nitamsikiliza anachotaka vile vyumba vifanyiwe, na nitakifanya.

Shangazi, barua yako niliipata. Niliipata siku ileile, wino wa dole gumba lako haujakauka, na haya ndiyo majibu yake. Ni mimi. Nimekuja, na wewe hukai tena mlangoni.

Mnunuzi,
mtoto wa kaka yako