Safu ya Baba

Kamina, 3 Septemba 1999

Yaya Noémie, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi tungali wazima, ila Mama anasumbuliwa na magoti. Je, Shemeji na watoto hawajambo huko Lubumbashi?

Uliniomba daftari la Baba, ili yule profesa aone jinsi ndege walivyopungua. Nimempa jirani yetu, Mama Hulda, anayepanda treni kesho. Ndege wenyewe ni wale wadogo wa rangi ya vumbi, wanaotua tu pale moto ulipopita, kwenye uwanda karibu na Base, kambi ya jeshi. Mwaka 1974 walikuwa mia mbili na kumi na wawili. 1986, tisini na wanane. Mwaka huu, kumi na saba.

Unakumbuka utaratibu wa Baba: wahesabuji wawili, hatua hamsini kati yao, bila neno mpaka mwisho, kila mmoja na safu yake daftarini. Hesabu yake ilikuwa pungufu ya yangu kwa wawili kila mara, naye akinitania, “Weye unahesabu hata vivuli.”

Yaya, nilikuandikia kwamba siku ile ya Agosti mwaka jana Baba alikwenda peke yake. Si kweli. Nilikuwa hatua hamsini kutoka kwake. Askari waliona darubini ya Baba, wakasema ni mpelelezi. Mmoja akanijia, akauliza, “Ule mzee iko nani yako?” Nikajibu kwamba simjui, nimekuja kuokota kuni. Baba alisikia. Alinitazama mara moja, akanyamaza, kana kwamba hesabu haijaisha. Wakampakia kwenye gari, na mpaka leo hajarudi.

Hakunipa hesabu yake. Safu yake ya mwaka jana niliijaza mimi, kwa kuiga mwandiko wake, nikipunguza wawili. Mwaka huu nilirudi uwandani peke yangu. Nilipofika mwisho nilimsikia kando yangu akisema kumi na watano. Nikaandika.

Kabla profesa hajaliona daftari, ufute namba hizo mbili. Mimi nimejaribu mara tatu, mkono umekataa.

Mama bado hajui kwamba nilikuwapo. Nitamwambia kesho, treni ikishaondoka na barua hii, nisipate pa kurudi nyuma.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako. Ukiweza bado kuniombea, niombee.

Mdogo wako,
Talitha