Kulungu Gerejini, Apple Valley

Mjomba Mwakio, shikamoo!

Baridi ya huku Marekani inang'ata masikio, lakini kinachonitetemesha ni mambo ya jana. Karen, ninayesoma naye chuoni, alinikaribisha kwao. Kufungua gereji, kulungu mzima ananing'inia pale pa kuegesha gari, damu ingali inadondoka! Ndani, bunduki tatu zimelazwa kwenye kochi. Nikajua nimeingia kwa majangili, nikakumbuka risasi waliyokuachia mguuni ukiwa doria mbugani.

Kumbe aliyemuua ni bibi yake Karen, mwanakwaya mwenye sauti ya upole. Akanipakulia nyama na viazi. Nilipomwambia mjomba wangu hushinda mbugani na bunduki, akafurahi sana.

"Anawinda nini?"

"Watu," nikamjibu. "Wale wanaoua wanyama."

Uma zote zikaganda hewani. Bibi akainuka, akafuata mkoba wake, akanionyesha leseni ya kuwinda kabla sijamuuliza neno.

Mjomba, ukande huo mguu kwa maji moto. Kila jioni nakuombea urudi salama, maana hao majangili wako hawana leseni, wala hawampakulii mtu viazi.

Mpwa wako akupendaye,
Mkamburi