Penseli Kando ya Isaka

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha kukusumbua, na kwamba Mama anakusimamia unywe dawa kwa wakati, maana nakujua. Mimi ni mzima wa mwili, ila nimekasirika, na sitajifanya vingine.

Barua ya wazee wa kanisa ilinikuta karakanani, mikono imejaa gundi ya kujalidia vitabu. Wanataka Jumapili nisimame mbele ya ushirika nitubu, la sivyo darasa la akina mama ninalolifundisha nilisahau. Kosa langu ni kusema kwamba habari ya Ibrahimu na Isaka ina maana zaidi ya moja. Ni habari ya utii, sijakana. Lakini ukiisoma upande wa mtoto aliyebebeshwa kuni, inauliza jambo jingine kabisa: nani alimwuliza yeye? Muuza mboga mmoja darasani alilia, akasema miaka yote alidhani ni yeye peke yake anayemwonea Isaka huruma.

Katibu wenu, yule tunayemwita Ngurumo, alinikemea kikao kizima cha wazee kwamba Neno ni moja na maana yake ni moja. Nikamwuliza mbona yeye mwenyewe amehubiri mwana mpotevu mara nne, kila mara na funzo jipya. Watu wakacheka, yeye akavimba. Ndipo akataka kujua nani alinifundisha upotofu huo, nami nikanyamaza. Wewe, mwenyekiti wao, uliangalia chini, kisha ukaitia sahihi barua yao.

Siku tatu baadaye ukamtuma Mama na Biblia yako ya zamani niijalidi upya. Ukaagiza kingo zote zikatwe kwa mashine mpaka karibu na maandishi, eti zimechakaa. Baba, kazi hii nimeifanya miaka kumi na sita. Ukingo uliochakaa hupunguzwa upana wa uzi, si upana wa kidole. Na kingo zako ni nzima.

Sasa nikiri. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipoifungua Biblia hiyo bila ruhusa, wewe ukiwa kazini. Kando ya habari ya Isaka uliandika kwa penseli, mwaka ule kaka alipolazwa mahututi: “Bwana, mtoto hajaulizwa. Na mimi simtoi.” Nilichofundisha si changu, Baba. Ni chako. Kikaoni nilinyamaza ili nikusitiri, nawe ukaniachia mzigo wote.

Kingo sikuzikata. Nimeshona upya, nimetia jalada jipya, na maneno yako yapo. Jumapili nitakuja, lakini kutubu sitatubu, waniondoe wakitaka. Jina lako sitalitaja. Nitakukabidhi Biblia yako mbele ya wote, ikiwa wazi ukurasa ule ule, nawe uwasomee upendavyo: yaliyochapwa tu, au na ya penseli pia.

Nisalimie Mama sana, umwambie asilie. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako, ninayekupenda na nisiyekuogopa tena.