Usukani Wangu Kapewa Neema

Jumamosi

...na tulikuwa tunaongoza! Hilo hawalisemi.

Mimi niliyevuka Ziwa Viktoria kwa tanga la shuka moja, leo nimenyang'anywa usukani kwenye mashindano ya mashua, bwawa la Hombolo! Na wenzangu wa klabu, watu wa ofisi za serikali kule Mtumba, wanaojua upepo wa feni tu.

Lilibaki boya la mwisho tulizunguke. Nikasikia salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!" Baba mkwe huyo, kwenye mtumbwi wake, anatega nyavu. Sasa mkwe unamsalimia umekaa? Nikaachia usukani, nikasimama, nikauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua. Mashua ikageuka, tanga likalegea, mashua mbili za wapinzani zikatupita.

"Mjomba, si ungepunga mkono tu!" Neema, mpwa wangu tuliye naye mashuani, akafoka. Wengine wanacheka.

Nahodha akaamua papo hapo: mashindano yajayo usukani ni wa Neema. Mimi nitachota maji yanayoingia.

Mimi! Kuchota maji!

Nimeumia, sifichi. Nikajipa moyo kwamba angalau ukweni heshima ipo.

Jioni baba mkwe kampigia simu mke wangu. Analalamika kwamba siku hizi nina haraka sana, hata mbuzi sikuwaulizia.