Hoteli ya Zuhura Isiyopika

Woolwich, London

Mdogo wangu Salim,

Natumai barua hii inakukuta umeketi, maana ukiisoma umesimama utaikatiza katikati kama unavyonikatiza kwenye simu. Ndiyo sababu nimeandika. Kwenye karatasi huwezi kuniambia "ngoja kwanza, dada."

Sisi tu wazima. Jua limetoka wiki hii na Waingereza wamevua mashati kama watu waliofunguliwa stoo. Mama hali yake? Goti limekubali ile dawa ya kuchua, au bado analisingizia kila akialikwa harusi asiyoitaka? Na mkeo Asha, presha imeshuka? Mwambie apunguze chumvi, nawe upunguze maneno, itashuka.

Sasa mambo yako. Umeniomba mimi, shangazi mtu, nikate shauri: mwanao Zuhura aendelee na chuo cha sanaa hapa, au arudi Mombasa ashike ile kazi ya hesabu kwenye duka la vipuri la shemeji yako, ambayo unasema haitamngoja. Umesema neno langu ndilo la mwisho. Vizuri. Basi nisome mpaka mwisho.

Kwanza nikueleze anachofanya, maana najua hakukueleza. Mwaka huu wote amekuwa akitengeneza daina. Daina ni hoteli ya chai ya Kimarekani, ya enzi za akina babu: mabenchi mekundu ya ngozi bandia, kaunta ndefu yenye viti vya kuzunguka, sakafu ya miraba myeusi na myeupe, sanduku la muziki la kutia sarafu. Zuhura kaijenga nzima ndani ya ukumbi wa chuo. Marekani hajafika. Mwalimu wake enzi hizo hakuwa amezaliwa. Na hoteli yenyewe haipiki. Nilimuuliza mara mbili nikidhani sikusikia vizuri.

"Jiko liko wapi?"

"Hakuna jiko, shangazi. Ni kazi ya sanaa."

"Na chakula?"

"Nakifinyanga. Cha plasta, halafu nakipaka rangi."

Haya alikuwa akiniambia dukani kwangu, mbele ya sahani ya viazi karai vya kweli. Alivimaliza vyote. Plasta ni ya wageni.

Salim, unanijua. Nilifika mji huu nikasugua ngazi za ofisi Stratford, nikaosha masufuria ya watu, nikapika kwenye jiko la watu, nikapata meza sokoni, na leo nina duka la chakula lenye mlango na ufunguo wangu. Hakuna aliyenipa maksi kwa lolote kati ya hayo. Kwa hiyo aliponionyesha mchoro wake niliupigia hesabu kama ninavyoipigia hesabu hoteli yoyote. Meza sita za watu wanne wanne, viti vinane kaunta: watu thelathini na wawili kwa mkupuo. Mhudumu mmoja, naye ni yeye. Na njia kati ya meza haimpitishi hata mwanamke mwembamba mwenye sinia.

"Hapa utawagonga watu," nikamwambia.

"Hakuna atakayebeba sinia."

"Sasa watakaa wafanye nini?"

"Wakae tu. Wahisi kama wanapakumbuka mahali."

"Mahali gani?"

"Mahali ambapo hawajawahi kufika."

Nikamwambia hiyo ni homa, si kumbukumbu, anywe maji mengi. Nikamuuliza mbona asijenge hoteli ya kwetu, yenye meza za fomaika na jagi la maji na karai la mafuta dirishani. Akasema ya kwetu anaijua, haimnyimi usingizi. Hii ya Kimarekani ndiyo aliyokuwa akiiona kwenye televisheni yenu sebuleni alipokuwa mdogo, akidhani dunia nzima inakula vile isipokuwa yeye. Neno hilo nalitaja kwa haki. Nililisikia, kisha nikarudi kwenye karai langu.

Siku ya maonyesho ikafika. Aliniambia watakuja wageni, wataketi mezani, na watahini watapita kumpa maksi za mwaka mzima. Mimi nilichosikia ni wageni, na mezani. Sikuzaliwa mahali ambapo mgeni huketishwa mezani kisha akaangaliwa. Mtoto wa ndugu yangu ana shughuli, halafu niende mikono mitupu? Watu wangesema hana kwao. Nikaamka alfajiri nikakanda unga, nikachoma mahamri mia na ishirini, nikapika sufuria ya mbaazi za nazi, nikajaza chai ya maziwa kwenye chupa mbili kubwa, nikakodi teksi.

Nilikuta foleni mlangoni. Foleni, Salim, ya kuingia kwenye hoteli isiyo na chakula! Mlangoni kwangu kuna chakula na hawapangi. Mwalimu wake, kijana mwenye kofia ya sufu ndani ya ukumbi wenye joto la tanuri, alikuwa akiwaeleza watu kwamba utupu wa mahali hapa "unazungumza." Nilitega sikio. Sikusikia kitu. Watu wazima walikuwa wamekaa kwenye yale mabenchi mekundu, mbele ya mayai ya plasta, wakitikisa vichwa kama wako matangani.

Zuhura alikuwa ameitwa nje kupigwa picha. Basi sikungoja ruhusa ya mtu. Nikapanga mahamri kwenye sahani zilezile, pembeni ya mayai yake, nikamwaga mbaazi, nikazungusha chai. Na watu wakala! Wale waliokuwa matangani wakafufuka. Mzee mmoja akaniomba hamri la pili. Akarudi kwa la tatu. Yule mwalimu akapiga picha sufuria yangu.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu peke yangu. Watu wakishaona hamri ni la kweli, wataonaje kwamba kitu kilicho kando yake si cha kweli? Mama mmoja mnene mwenye miwani ya kijani, ambaye sikujua kwamba ndiye mtahini aliyeletwa kutoka chuo kingine, alinyoosha mkono akachukua kipande cha pai nyekundu, akakiuma kwa nguvu zote. Kah! Ukumbi mzima ulisikia. Jino halikuvunjika, lakini heshima ilipata ufa. Akatema unga mweupe kwenye leso yangu.

Zuhura akaingia wakati huohuo. Akaona mbaazi zikichuruzika kwenye mayai yake, manjano imeingia kwenye plasta. Kazi ya mwaka mzima.

"Shangazi," akasema kwa sauti ya chini, "umefanya nini?"

"Nimelisha wageni wako."

"Sikuwaita waje kula!"

Mwalimu akakimbilia kati kabla sijajibu. Furaha imemjaa. Akamwambia mtahini kwamba jambo hili ni zuri mno, kwamba cha kweli na cha uongo vimekutana sahani moja, bila shaka Zuhura alilipanga hivyo. Akamkonyeza Zuhura. Hata mimi niliona lile konyezo, na Kiingereza changu ni cha sokoni. Yule mama akafuta midomo, akamgeukia Zuhura. "Je, ulipanga? Chakula hiki ni sehemu ya kazi yako?"

Ilikuwa aseme ndiyo, Salim. Neno moja tu, na maksi zake zingekuwa mfukoni, na pai ile ingekuwa werevu badala ya ajali. Mimi mwenyewe nilimkanyaga mguu aseme.

"Hapana," akasema. "Hayo ni mahamri ya shangazi yangu. Yeye hawezi kuona mtu ameketi bila kula. Kazi yangu ni hiyo uliyoshindwa kuila."

Mwalimu akavua kofia. Mtahini akaandika kitu, na alichoandika hatukijui. Matokeo bado. Huenda akaanguka, na akianguka atakuwa ameangushwa na mahamri yangu na ulimi wake, nusu kwa nusu.

Alininunia siku mbili. Leo mchana alikuja dukani na mayai yake ya plasta kwenye boksi, akaanza kuyasugua manjano kwenye sinki langu, moja moja, kwa mswaki.

"Utamwambia nini baba?" akauliza bila kugeuka.

"Kwamba umepoteza mwaka kujenga hoteli ya kipumbavu."

"Halafu?"

"Halafu usinimalizie maji ya moto."

Sasa sikiliza. Nilipokuwa nikisugua ngazi, marehemu baba alitaka nirudi niolewe, na wewe ndiye uliyenipigia simu kwa niaba yake, ukiwa na sauti hiihii ya mtu mwenye akili. Ningekusikiliza, leo ningekuwa nakuomba nauli. Nakuandikia kabla ya matokeo makusudi, usije ukasema nimelainishwa na maksi. Hoteli yake siipendi. Mwalimu wake simpi hata kisu cha kukata vitunguu. Lakini msichana aliyepewa uongo wa bure mbele ya watu wote, na shangazi yake anamkanyaga mguu, akaukataa, huyo humrudishi kuhesabu plagi za magari. Mwache amalize. Akianguka, atarudia, na atalala kwangu.

Msalimie mama, umwambie goti nalijua. Msalimie Asha. Bi Mwanajuma, jirani wa ukutani, mwambie kanga zilifika, ila moja ina tundu. Na mwanao mkubwa, Faraj, akiamka hiyo adhuhuri yake, mpe salamu zangu, umwambie kuna kazi ya hesabu kwenye duka la vipuri, na haitamngoja.

Dada yako, ambaye ulimwomba neno la mwisho,

Mwanaisha