Huku Hawasihi

Saint Paul, Marekani, mwezi wa pili, theluji bado ipo

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kama mvua za huko kambini Mae La. Kikohozi kimepungua? Na baba ameshabadilisha majani ya paa? Sisi tu wazima. Mwanangu Hsa Eh ameota meno mawili, anamng'ata kila anayembeba.

Mama, uliponikabidhi mdogo wangu Mu Yu uliniambia neno moja tu: asome. Basi nikaenda naye shule ya hapa jirani, Hsa Eh mgongoni. Yule mama wa ofisini alikuwa na uso mwema. Akaniuliza kwa ile simu inayotafsiri kama nataka mkalimani. Nikasema hapana, asijisumbue. Mu Yu apande basi la shule? Hapana, atatembea. Chakula cha mchana, cha bure kabisa? Nikatabasamu, nikasema hapana, huwa anashiba nyumbani. Si ndivyo ulivyotulea? Mtu akikupa, kataa kwanza, naye atakusihi mpaka upokee bila aibu. Nikakaa pale kitini nikisubiri kusihiwa. Akafunga faili, akaniaga!

Basi Mu Yu akawa anakwenda kwa miguu kwenye theluji, na mchana anawatazama wenzake wakila. Hakuniambia kitu. Mpaka asubuhi moja akagoma, akasema hiyo shule niende mimi, yeye anarudi kwa mama. Nikamvua viatu, nikaona vidole vimevimba. Nililia, mama.

Nikamkimbilia Tharamu Paw Ray, Mkareni mwenzetu anayesaidia wazazi wageni mashuleni. Alicheka mpaka akashika kiuno. Akasema, wewe binti wewe, huku hawasihi! Ukisema hapana wanakuamini. Yeye mwenyewe mwaka wake wa kwanza alikataa hata koti, akatetemeka nalo likining'inia mbele yake. Kesho yake akanirudisha ofisini, mambo yakanyooka. Sasa Mu Yu anapanda basi karibu na mlango wetu, anakula wali wao na kulalamika kwamba hauna pilipili. Akianza kulalamika hivyo, najua amepona.

Sasa mama, keti kwanza. Siku hiyo yule mama wa ofisini aliniuliza na umri wangu. Nikamwambia kumi na tisa. Akasema kwamba hapa mtu wa umri wangu bado ana haki ya kusoma, hata kama ana mtoto, na ipo shule yenye chumba cha kulelea wachanga. Nilijua ungesema mke wa mtu hakai darasani. Nilijua na adabu inataka nijibu nini. Lakini mdomo ulinitangulia, nikasema ndiyo kabla Tharamu hajamaliza kutafsiri.

Mume wangu ameridhia. Nimeanza Jumatatu. Kilichobaki ni baraka yako, na hiyo nakuomba waziwazi, mama. Naitaka.

Mbusu baba, na majirani wote wa mtaa wetu wape mkono kwa niaba yangu.

Ni mimi binti yako,
Naw Lah Say Wah